Usiache Mbachao: Tutembee Kwetu Msimu wa Mavuno

Mwaka huu sikuomba nafasi ya shairi wala ya vitendawili. Nimeomba ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, na ambalo tutalipigia kura chamani muhula ujao. Jambo lenyewe ni matembezi.

Lakini kwanza niungame kosa langu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha yenye kichwa "Msimu Niupendao". Basi mimi, ili nionekane msomi, nikaandika juu ya majira ya kupukutika majani. Nikaeleza jinsi majani yanavyogeuka yakawa mekundu kama damu na manjano kama dhahabu, jinsi upepo unavyoyapeperusha bustanini, na jinsi watu wanavyovaa makoti mazito na kwenda kutazama misitu siku ya Jumapili. Nilitoa wapi mambo hayo? Kwenye filamu na kwenye kitabu cha jiografia, basi. Mwalimu alinipa alama 14 kwa 20, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Lugha nzuri. Lakini wewe ni mtoto wa Kimumu. Huku kwetu Oktoba hufanyika nini?"

Swali hilo lilinichoma. Nilikaa nalo siku nyingi. Si kwamba sikujua jibu. Jibu nililijua tangu nikiwa mdogo, ila sikudhani kama linafaa kuandikwa kwenye insha. Nilidhani mambo mazuri ni ya huko mbali, na ya kwetu ni kazi tu. Leo nataka kulijibu swali la mwalimu wangu, ingawa nimechelewa.

Oktoba kwetu ni mwanzo wa mavuno. Si mnajua wenyewe? Mvua ya Uasin Gishu huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, na mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa sababu tuko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, baridi huyachelewesha. Mbegu kama ile 614 huchukua miezi sita na zaidi kukomaa. Kufikia Oktoba shamba lililokuwa kijani kibichi huwa limegeuka manjano, halafu hudhurungi, na upepo ukipita majani yanapiga kelele kama karatasi. Nani basi alisema kwetu majani hayageuki rangi? Yanageuka, ila tunayapita tukiwa tumeinamia simu. Na ukienda mbele kidogo upande wa Moiben utayakuta mashamba ya ngano yameiva yote kwa pamoja, kombaini inakwenda na kurudi, na vumbi lake linaonekana kutoka mbali.

Halafu kazi yenyewe. Mabua yanakatwa na kusimamishwa mafungu mafungu kama vibanda. Yakikauka, mahindi yanamenywa, yanabebwa nyumbani, yanapukuchuliwa, yanapepetwa, yanaanikwa kwenye turubai, yanatiwa magunia. Watoto hupewa kazi ya kufukuza kuku na kuangalia mawingu. Wingu likitokea, aisee, hakuna mtu asiyekimbia! Jioni magunzi yanawashwa moto, na kwenye makaa yake huchomwa viazi. Ukila kiazi kile baada ya kushinda shambani, hutatamani hoteli.

Hapa niseme neno juu ya lugha, maana chama chetu ni cha Kiswahili. Vitabu vingine hutafsiri yale majira ya Ulaya kuwa "vuli". Lakini vuli, kwa wenyewe wa pwani, ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba. Watu wa pwani wana masika yao, kipupwe chao, vuli yao na kiangazi chao, na kila neno limetokana na pepo na mvua za bahari yao. Kimumu hatuna vuli ya pwani, na wala hatuna majira ya Ulaya. Tuna mavuno. Nami naona neno hilo linatutosha. Tukikopa jina la msimu wa mtu mwingine, mwishowe tutakopa na macho yake, na ya kwetu tutayapita bila kuyaona.

Sisemi kwamba tusijue habari za dunia. Tena sisi watu wa barabara ya Iten tunazijua kuliko wengi. Kila alfajiri wakimbiaji wanapita hapa wakiwa makundi makundi, na baadhi yao Septemba, Oktoba na Novemba huenda kukimbia Berlin, Chicago na New York, wakati huohuo majani ya huko yanapopukutika. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge, ambaye mazoezi yake alikuwa akiyafanya Kaptagat, alikimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwenye barabara iliyopita katikati ya miti. Tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum, kijana wa Chepkorio, alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia wakati huo. Miezi minne tu baadaye, tarehe 11 Februari 2024, alifariki kwa ajali ya gari barabara ya Kaptagat, akiwa na umri wa miaka 24. Mungu amlaze pema. Vijana hao waliyafikia majira ya wenzetu kwa kupitia kwenye vumbi la kwetu. Walianza na njia za hapa, wakazijua kila kona. Sisi je?

Hata ndege wanatushinda. Kuanzia Oktoba mtawaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme, na korongo weupe wakitembea polepole kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa. Wengi wao wametoka Ulaya wakikimbia baridi. Yaani ndege anasafiri maelfu ya kilomita kuja kufurahia mavuno ya Uasin Gishu, na mwanafunzi wa Kimumu hajafika Iten, kilomita kama 30 kutoka mlangoni kwake!

Sasa nije kwenye kiini cha maoni yangu. Mwaka jana chama chetu kiliandaa safari ya Mombasa. Ilikuwa safari nzuri, na walioenda walirudi na picha za Fort Jesus na hadithi nyingi za feri ya Likoni. Lakini ni wangapi walioenda? Chini ya nusu yetu. Pesa zilitakiwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Wazazi wengi wa hapa, wangu wakiwamo, Oktoba hawana pesa. Pesa zao ziko shambani zimesimama kwenye mabua. Baba yangu huuza mahindi Desemba au Januari, tena baada ya kutoa ya chakula na kuweka ya karo. Nilimwambia habari za safari, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, nikiuza sasa nitauza mahindi mabichi kwa bei ya kutupa. Je, nifanye hivyo?" Nikamwambia, "Hapana, Baba." Asubuhi basi lilipoondoka nilikuwa shambani, na nilikuwa nimekasirika, sitaki kusema uongo. Nilimkasirikia baba, nikakikasirikia chama, nikayakasirikia na mahindi.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Wenzangu mliobaki mnajijua. Na safari ikirudiwa vilevile mwaka huu, wale wale watabaki.

Lakini mavuno yale yaliyonikasirisha ndiyo yaliyonipa safari yangu. Desemba, mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, mjomba wangu alikuja na pikapu. Alikuwa akipeleka magunia machache kwa jamaa zetu wa bondeni, na kutoka huko alete maembe. Akaniambia, "Panda twende, umevuna vizuri." Mama akanipa sweta na chupa ya mursik. Kogo, yaani nyanya yangu, akacheka akasema sweta nitaivua kabla ya saa sita. Sikumwelewa.

Tulipita Chepkoilel, tukaviacha nyuma vinamasi vya Marura, tukapita mashamba na mashamba. Kule kando mwamba wa Sergoit ulikuwa umesimama peke yake katikati ya uwanda. Mjomba akaniuliza kama nimewahi kuupanda. Nikasema sijawahi. Akaniuliza kama nimewahi kuona mashimo ya Wasirikwa. Nikasema nimeyasikia tu. Akaguna. "Kijana," akasema, "unajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal, na hujui nani alifuga ng'ombe hapa kabla yako?" Nikanyamaza, maana alikuwa amesema kweli.

Iten tulisimama pale ukingoni. Jamani! Mimi nilikuwa na miaka 16, nimezaliwa na kulelewa barabara hiihii, nami sikujua kwamba nchi yetu inakatika hivi. Uko juu kama mita 2,400, na mbele yako ardhi inashuka ghafla zaidi ya mita elfu moja. Bonde la Kerio limelala huko chini, rangi yake nyingine kabisa, na ng'ambo yake milima ya Tugen. Mjomba akanionyesha jambo ambalo sijalisahau. Alisema mvua ikinyesha upande huu wa nyuma yetu, maji yanaingia mito kama Sosiani na Moiben, yanafika Nzoia, halafu Ziwa Victoria. Ikinyesha upande wa mbele, yanaingia Kerio na kwenda kaskazini hadi Ziwa Turkana. Matone mawili yanaweza kuanguka karibu karibu na yasionane tena. Somo hilo la jiografia nilikuwa nimelisoma darasani nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Pale ndipo nilipolielewa.

Tukateremka kwa Tambach, barabara ikijikunja na kujikunja, masikio yakaziba. Kila kona joto likaongezeka. Kabla hatujafika Biretwo nilikuwa nimevua sweta, na saa sita ilikuwa bado! Kogo alikuwa sahihi. Huko chini kulikuwa na migunga, mizinga ya nyuki imetundikwa mitini, mbuzi barabarani, na maembe yameanza kuiva. Jamaa zetu walitupokea kwa asali na nyama. Tulipowashushia mahindi, mama mmoja aliyashika mkononi akasema, "Haya ni ya baridi, mazito." Kisha akatujazia maembe. Huko juu mahindi, huko chini maembe na asali: nilielewa kwamba watu wa hapa wamekuwa wakitembeleana msimu huu tangu zamani, kila mmoja akipeleka alichonacho. Hawakuita utalii. Waliita kujuliana hali.

Safari yote ilichukua siku moja. Nilirudi usiku, nikanusa maembe njia nzima, nikawa namfikiria mwalimu wangu na kalamu yake nyekundu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: safari ya chama ya mwaka huu iwe ya hapa kwetu, na iwe msimu wa mavuno. Na isiwe moja kubwa ya wachache, bali ziwe tatu au nne ndogo za wote.

Tuende wapi? Hebu nitaje.

Kwanza, Marura, ambako tunaweza kwenda kwa miguu. Tuamke mapema, tuchukue daftari, tuandike majina ya ndege. Mimi nimewaona huko korongo wenye taji, wale wanaocheza kama watu wa arusi. Ni majina mangapi ya ndege tunayoyajua kwa Kiswahili? Tukimtoa kuku, bata, njiwa na kunguru, wengi wetu tumekwama.

Pili, mji wetu wenyewe. Mnacheka? Wazee bado huuita Eldoret "Sisibo", kutokana na namba 64, kwa kuwa mji ulianza kwenye shamba lililopimwa likapewa namba hiyo zama za walowezi. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na kiini chake ni neno la Kimaasai la mto wa mawe, yaani Sosiani huyuhuyu tunayemvuka kila siku bila kumtazama. Reli ilifika mwaka 1924. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ukawa jiji. Mwanafunzi anayeishi kwenye jiji na hajui kwa nini linaitwa hivyo ni mgeni mwenye kitambulisho cha mwenyeji.

Tatu, mashimo ya Wasirikwa. Katika uwanda huu kuna mashimo ya mviringo yaliyoota nyasi. Wanahistoria wanasema yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu walioishi hapa karne nyingi zilizopita, kabla ya walowezi na kabla ya reli. Mengi yamekwisha kulimwa juu yake, na sasa yaliyosalia yanakutana na viwanja vya nyumba. Tukichelewa miaka kumi tutakuta nyumba za kupangisha. Mbona hata Kimumu penyewe mashamba yanakwisha? Pale nilipookota masazo ya mahindi nikiwa darasa la tatu leo pana jengo la ghorofa nne. Siwalaumu waliojenga, watu lazima walale mahali. Ila nasema, tuone tukiwa bado na cha kuona.

Nne, Iten na Kessup. Tusimame ukingoni, tuyatazame maporomoko ya Torok wakati bado yana maji ya mvua, na tusikie habari za Brother Colm O'Connell, yule mwalimu aliyetoka Ireland akafika shule ya St. Patrick's mwaka 1976, na ambaye baadaye alimfundisha David Rudisha. Rudisha ndiye aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Nauli ya matatu ya kwenda na kurudi Iten haikaribii hata robo ya pesa zile za Mombasa.

Najua kuna watakaonipinga, na haki yao wanayo. Wacha niwajibu.

Wa kwanza watasema, "Chama cha Kiswahili lazima kiende pwani, maana ndiko chimbuko la lugha." Kweli kabisa, na natamani siku moja niione Lamu kwa macho yangu. Lakini Kiswahili hakikubaki pwani. Njooni shambani kwetu siku ya kupukuchua. Utamkuta Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mkisii, Mjaluo na Mturkana wamezunguka rundo moja la mahindi, na lugha yao ni moja. Humo ndimo nilimojifunza bunzi, suke, kupepeta, kuanika, mabua na ghala. Wangapi kati yetu wanaweza kueleza tofauti ya kumenya na kupukuchua? Kumenya ni kuondoa maganda, kupukuchua ni kuzitoa punje kwenye bunzi. Tukikusanya maneno ya mavuno kutoka kwa wazee, tutakuwa na kurasa tatu za gazeti hili bila kuomba pesa kwa mtu.

Tena kuna jambo zito zaidi hapa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliumiza mji huu vibaya mno. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini nyumbani tunasikia wazazi wakishusha sauti wanapozitaja. Uchaguzi hurudi kila baada ya miaka mitano. Kijana aliyetembea na mwenzake, akala kiazi kwenye makaa mamoja, akasukuma matatu iliyokwama kwenye tope, si rahisi kumwambia kwamba yule si mtu wa hapa. Atajibu, "Mbona tulikuwa naye Sergoit?"

Wa pili ni wazazi. Watasema msimu wa mavuno ni wa kazi, si wa kuzurura. Wazazi wetu, mna haki. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Ndiyo maana napendekeza tutembee baada ya kusaidia shamba, si badala yake. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu, inapita Novemba na Desemba yote. Mahindi hayawezi kumaliza siku zote hizo. Lakini mkituacha zile siku zilizobaki bila kazi na bila mahali pa kwenda, mnajua tunaishia wapi: mjini, kwenye vibanda vya kamari na makundi mabaya. Siku moja ya kwenda Iten ni nafuu kuliko kesi moja ya polisi.

Wa tatu watasema ni hatari. Hapa sitaki mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 mlima uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukafunika nyumba za watu waliokuwa wamelala. Wengi walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto kama sisi. Na kuna sehemu za Bonde la Kerio ambazo wizi wa mifugo umezifanya zisiendeke. Kwa hiyo tusiende kama kondoo. Tusiteremke bondeni mvua zikiwa bado kali, tungoje Desemba ardhi ikiwa imekauka. Tuongozane na mwalimu na mtu mzima wa mahali hapo. Tuulize kwanza, twende baadaye. Lakini kuogopa kila kitu nako si dawa. Huwezi kuhurumia mahali usipopajua. Habari za Chesongoch ziliposomwa redioni, mimi nilitetemeka kuliko ndugu zangu, kwa sababu nilikuwa nimeliona bonde lile na kula maembe yake. Wao walisikia jina tu. Na anayeujua mlima ndiye atakayeuliza miti yake ilikatwa na nani, na ndiye atakayepanda mingine.

Basi napendekeza haya matatu kwa mkutano wetu wa muhula ujao. Moja, ada ya safari iwe ndogo kiasi kwamba hakuna mwanachama atakayeachwa, na anayeshindwa kabisa alipe kwa debe la mahindi, tutalipika njiani. Mbili, tarehe ipangwe baada ya mavuno, si kabla. Tatu, kila anayekwenda aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ameona nini, amesikia neno gani jipya, amezungumza na mzee gani. Bora zaidi zichapishwe katika gazeti la mwakani. Na wale wanaoitamani Mombasa, tuanze akiba ya pole pole kwa miaka miwili. Haba na haba hujaza kibaba, tutaenda sote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mkuukuu, una vumbi la mahindi, na pembeni umechanika kidogo. Lakini ni wetu, na tukiukung'uta tunaweza kukaa sote.

Mwalimu wangu mpendwa, kama unasoma ukurasa huu, naomba unisahihishe tena ile insha. Oktoba huku kwetu tunavuna. Desemba tukimaliza, tunatembeleana. Nadhani safari hii nimejibu swali.

Nawatakia nyote mavuno mema na likizo njema. Tuonane kwenye mkutano, na Mungu akipenda, tuonane Iten.

Mwanachama, Kidato cha Tatu